Nishani ya Malka ya Duba

Garsen, 4 Februari 1957

Kaka yangu Kassim,

Salamu nyingi kutoka kwa yule mtoto wa Kiorma aliyeletwa Kipini juu ya mgongo wa punda pamoja na vibuyu vya samli, akalelewa na mama yako Mwanaarusi, Mungu amrehemu, mpaka akasahau kwao. Sasa nimezoea tena kwetu. Mume wangu Adano hajambo. Baba yangu, mzee Guracha, macho yamepungua lakini masikio bado ya swala.

Huyu Thoya, dereva wa lori la Malindi, amebeba kifurushi chako. Ndani yake mna kitu ambacho baba hajawahi kukivua shingoni tangu nimjue. Alipokitoa kwenye ngozi yake, kifuani palibaki duara jeupe, na tangu asubuhi analigusagusa kama mtu aliyepoteza kifungo.

Unakijua kisa chake kwa juu juu. Babu yangu Duba alipewa na Malkia wa Waingereza, yule wa zamani, pamoja na malka yetu, yaani njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni. Uso wa Malkia uko upande mmoja. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na hivyo ndivyo kila Morma wa hapa anavyosema: Malkia alitoa malka.

Sasa Wapokomo wamepanda migomba mdomoni mwa malka hiyo. Mwenye migomba ni mzee Komora, baba yake Lois, yule rafiki yangu tuliyekuja naye Kipini mwaka ule wa maulidi. Mimi na Lois tulikuwa tukichota maji pamoja. Sasa tukikutana mtoni kila mtu anautazama mtungi wake. Wiki iliyopita ng'ombe wetu mmoja alikatwa panga mguuni, na Adano ameutia mkuki wake mpini mpya. Ananiambia, "Kiangazi kikikaza, ng'ombe watapita, hata kama ni juu ya watu."

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, atasikiliza kesi ya malka baada ya Idi. Karani wake amemwambia baba: leta neno la mtu anayejua vyuma, aseme hiki ni kitu gani, kimetoka kwa nani, na kina thamani gani. Baba akasema, "Mtoto wa Mwanaarusi ni sonara." Ndiyo maana nakusumbua.

Kitazame vizuri, kaka. Na usikisugue sana; baba anasema jasho la babu bado limo.

Mdogo wako,
Sadia binti Guracha


Mombasa, 19 Februari 1957

Dada yangu Sadia,

Kifurushi kimefika salama. Nilikifungua mezani kwangu Kibokoni wakati wa adhuhuri, duka likiwa tupu, na nitakwambia jambo ambalo usimwambie mtu: nilisikia maji. Si bomba, si bahari. Maji mazito yanayopita polepole kwenye nyasi. Nikaenda mlangoni nikatazama njia, palikuwa pakavu, na paka amelala kivulini. Nikarudi, nikakishika tena.

Haya, kazi. Uliniambia nisikisugue, sikusugua. Nimekilaza kwenye maji ya sabuni tu. Hii ni nishani, na haikumiminwa kwenye kalibu kama vitu vya mafundi wa huku. Imepigwa kwa muhuri wa chuma, kwa mashine, Ulaya. Utajua kwa mistari: iliyomiminwa ina kingo laini kama mkate, hii kingo zake zilikuwa kali, kilichozilainisha ni vifua vya wazee wako. Nimeigusisha kwenye jiwe langu la kupimia, nikatia tone la tindikali. Ni shaba iliyopakwa dhahabu nyembamba, na dhahabu yenyewe imebaki kwenye mashimo ya herufi tu.

Nishani za serikali nimeshika nyingi, za askari, za mashekhe, za wapagazi wa vita. Huwa zina taji, huwa zina jina la mfalme, na mara nyingi kitanzi cha utepe. Hii haina kitanzi. Tundu la kamba limetobolewa baadaye, kwa msumari, na nadhani ni mkono wa babu yako. Taji sikuliona. Basi nimeweka karatasi juu yake nikapitisha penseli taratibu, na herufi zimeanza kutokea, kama mtu anayeamka. Lakini si Kiingereza. Yuko fundi saa mmoja Mswisi karibu na posta, huenda akazisoma. Nipe muda.

Kwa ajili ya yale maji, nina swali moja la ajabu. Mzee Guracha, au baba yake Duba, waliwahi kusema lolote kuhusu mtu kuzama?

Kaka yako,
Kassim bin Swaleh


Garsen, 12 Machi 1957

Kwa Kassim,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Nimekuuliza habari za Malkia, wewe umenijibu habari za paka, na maji, na mtu kuzama. Watu wangapi wamezama katika Tana! Mto huu kila mwaka unachukua wake.

Niseme lililo moyoni lisije likanipasua. Thoya amerudi na maneno. Anasema alipita dukani kwako akamkuta Mzungu ameinama juu ya meza yako, nishani ya baba iko mkononi mwake, na mnazungumza bei. Kaka, sitaki kuamini. Lakini ni wiki ngapi umenyamaza?

Huku hali si nzuri. Nyasi zimekwisha, vumbi linasimama wima kama watu. Baba analala mchana juu ya ngozi yake ya ng'ombe akiwa hana kitu shingoni, na akilala anaota. Anasema kila kiangazi anaota ndoto hiyo hiyo, lakini sasa inakuja karibu zaidi. Kijana mweupe, nywele zimelowa, anatoka mtoni anauliza kitu kwa lugha isiyojulikana. Baba anataka kumjibu, mdomo unajaa mchanga. Jana nilimkuta ameketi akiwa ameamka kabisa, anasema kwa sauti ndogo, "Subiri, subiri, anakuja mwenyewe." Nikamuuliza nani anakuja. Akasema, "Lete maziwa."

Lois alinipita kisimani juzi. Nikamwambia, "Mwambieni baba yenu ang'oe migomba, Malkia alitupa mahali pale." Akanigeukia, akasema, "Malkia gani? Huyo huyo aliyetupa sisi?" Akaenda zake. Sikumwelewa.

Sasa nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu tangu tulipotengana. Andika tu karatasi. Andika: mimi sonara nimeangalia, hii ni nishani ya Malkia. Nani atakupinga? Kwako ni mstari mmoja wa wino. Kwangu ni Adano asiende jela, au asiletwe nyumbani juu ya kitanda cha kamba.

Sadia


Mombasa, 28 Machi 1957

Dada yangu mpenzi,

Mzungu alikuwepo, ndiyo. Anakusanya vitu vya Witu na Lamu, sarafu na mihuri ya zamani, na mimi ndiye niliyemwita, maana huwezi kutaja thamani ya kitu bila kumwonyesha mtu anayekitaka. Alitaja bei. Nilimwambia si yangu kuiuza. Nishani imelala tangu hapo kwenye kijaluba cha marehemu mama, chini ya kitanda changu. Thoya ana macho mazuri, lakini masikio yake ameyaacha kwenye injini.

Nilinyamaza kwa sababu nilijua nitakuumiza, nikawa natafuta njia nyingine ya kusoma yale maneno. Haipo.

Si Malkia, Sadia. Si mwanamke kabisa. Nimemtazama chini ya kioo siku nyingi mpaka namfahamu. Zile nywele zilizojikunja ni za kijana, na ukitazama shingoni kuna kongomeo. Fundi saa alivaa miwani yake, akasoma herufi moja moja kutoka kwenye karatasi ya penseli. Ni Kijerumani. Upande wa uso imeandikwa: Emil wetu. Upande wa pili, pale penye mistari ambayo mlidhani ni shamba, ni mto na matete, na maneno haya: Tana, 1893. Kutoka kwa mama yake, kwa waliomtafuta.

Fundi saa alipomaliza kusoma aliivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Mara nyingine watu wenye uwezo huko Ulaya huenda kwa fundi wa mihuri na pesa zao wenyewe, kwa arusi, au kwa msiba, wapigiwe nishani chache za kuwagawia waliohusika. Serikali haina habari nazo. Hii ni ya namna hiyo. Mama mmoja alipoteza mwana katika mto wenu, akawashukuru waliojitosa. Babu yako Duba alikuwa mmoja wao. Si mkuu aliyepewa ardhi. Ni mtu aliyeingia majini kwa ajili ya mtoto wa mgeni.

Thamani yake: shaba yenyewe haifiki bei ya ratili ya sukari. Kwa yule Mzungu, kwa kuwa ni chache na hajawahi kuona nyingine, inafika bei ya mtamba mzuri. Thamani ya tatu mimi sina mizani yake.

Na jambo moja zaidi. Ukingoni, mahali kidole hakifiki kwa urahisi, pamechongwa tarakimu ndogo: mbili. Kama kuna ya pili, ya kwanza ilienda kwa mtu. Sijui kwa nani.

Ule mstari mmoja wa wino siwezi kuuandika. Ningeuandika, yule mama ningemnyang'anya mwanawe mara ya pili. Namrudishia Thoya nishani pamoja na barua hii. Nikasirikie, lakini uisome mpaka mwisho.

Nduguyo,
Kassim


Mombasa, 30 Mei 1957

Sadia,

Mwezi wa Ramadhani umeingia na kutoka, Idi imepita, na sijapata hata herufi. Watu wa Malindi wanasema mto umevunja kingo, pantoni ya Garsen imefungwa kamba juu ya mti, na lori la Thoya lilikwama ng'ambo. Wengine wanasema kulitokea vita mtoni kati ya Waorma na Wapokomo. Wengine wanasema hapana. Nakaa hapa nikitia pete za watu vito, nasikia yale maji tena.

Niandikie hata kunitukana.

Kassim


Garsen, 17 Juni 1957

Kaka yangu Kassim,

Tuko hai wote. Nalitanguliza hilo.

Barua yako ya Machi ilikaa ng'ambo ya maji mwezi mzima, ndani ya kofia ya Thoya, kwa kuwa hapo ndipo pekee palipokuwa pakavu. Aliivusha kwa mtumbwi, pamoja na nishani, siku moja kabla ya baraza. Nilisoma peke yangu kwanza, nyuma ya zizi. Moto ulikuwa karibu. Nakwambia kweli, niliisogeza karatasi mpaka pembe yake ikageuka rangi. Kisha nikaona jina Emil, nikashindwa.

Nikamsomea baba. Nilidhani atapiga kelele. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema, "Rudia hapo pa mama." Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia. Akajifunika nguo yake kichwa kizima.

Barazani walikuja watu wengi kuliko nilivyowahi kuona. Waorma na mikuki upande huu, Wapokomo na mapanga upande ule, na Bwana Shauri katikati kwenye kiti cha kukunja. Adano alikuwa mstari wa mbele, nikaona jasho likishuka kwenye mpini. Mzee Komora akatangulia kusema. Akatoa kitambaa, akakifungua, na ndani yake, kaka, mlikuwa na nishani. Uso ule ule. Mto ule ule.

"Hii," akasema, "Malkia alimpa baba yangu Buya, pamoja na ardhi ile."

Ndipo nikamwelewa Lois.

Waorma wakaangua kicheko kibaya. Adano akapaza sauti, "Mwizi! Ameiba!" Watu wakasimama. Karani akaipokea nishani ya Komora haraka, akaichunguza pande zote mpaka ukingoni, akasema, "Hapa pana moja." Akaomba ya baba. "Na hapa pana mbili."

Baba alisimama kwa shida, mkono wake begani kwangu. Akasema kwa Kiorma, kisha akaniambia niseme kwa Kiswahili: "Binti yangu ana barua. Ataisoma mbele ya wote." Nikaisoma, Kassim. Yote, hata thamani ya ratili ya sukari. Sauti yangu ilikuwa inatoka kwa mtu mwingine. Nilipofika penye maneno "kwa waliomtafuta", mzee Komora aliketi chini, polepole, kama mtu anayeketi ndani ya ndoto. Lois alimshika.

Bwana Shauri akasema nishani hizo hazimhusu, serikali haikuzitoa, wala hazitoi ardhi kwa yeyote. Akasema ataamua kesho kwa alichokiona kwa macho, ila kama wazee wakipatana wenyewe kabla ya kesho, ataandika watakalosema.

Baba akamgeukia Komora. "Twende," akasema.

"Twende wapi?"

"Nikuonyeshe kwa nini tulikataza msipachimbe."

Tukaenda wanne, wazee wawili, mimi na Lois. Jioni ilikuwa imeingia, ukungu umeanza kupanda kutoka majini, migomba ya kina Lois imesimama ndani yake nusu nusu, majani tu yakionekana, kama watu wanaovuka. Baba haoni vizuri, lakini alitembea pale kama mtu nyumbani kwake gizani. Akasimama nyuma ya mgomba wa mwisho, kwenye mwinuko ambao gharika haikuufikia. Akasukuma majani kwa fimbo. Palikuwa na mawe. Na huku kwetu bondeni, unajua, hakuna mawe. Kila moja lilibebwa kutoka mbali.

"Yuko hapa," baba akasema.

Komora akainama, akagusa jiwe moja.

Akasema, "Baba yangu alinambia walitafuta wakakosa. Alikufa akisema walikosa."

"Baba yako alirudi kwake maji yalipozidi," baba akajibu. "Baba yangu alimpata kiangazi, maji yalipopungua, alipokuja kunywesha. Mama wa kijana alikuwa ameshaondoka na merikebu; vyuma hivi alivituma baadaye kutoka kwao. Witu ilikuwa bado inanuka moshi wa mizinga. Nani angeenda kusema, nina Mzungu mfu? Wangesema tumemuua. Baba akawaacha watu waseme Malkia, Malkia, mradi wasiulize. Akaniambia, mahali hapa pasichimbwe. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika kamba ya ndama."

Lois alikuwa analia. Alisema, "Nilitaka kupanda hapo mwezi huu. Jembe nilikuwa nalo tayari." Nikamkumbatia. Alikuwa amelowa umande, na mimi pia.

Wamepatana hivi: ng'ombe watapita upande wa kusini wa mwinuko, migomba itabaki upande wa kaskazini, na mwinuko wenyewe si wa mtu. Lois amepoteza safu mbili za migomba iliyokwisha kuzaa, na hilo halimpendezi hata kidogo. Ameniambia hivyo usoni. Adano amenuna. Anasema tumepewa nusu ya kilicho chetu. Lakini mkuki ameuegemeza ukutani, na juzi nilimwona akibeba jiwe kwenda nalo mwinukoni.

Baba halali tena mchana. Amenituma kazi moja, na mimi nakutuma wewe. Nishani ameirudisha shingoni, haiuzwi. Lakini ameniambia niandike waraka, wewe umpe fundi saa augeuze Kijerumani, uende kwa watu wa huyo mama. Nilimwambia ni zamani sana, mama atakuwa amekufa. Akasema, "Yuko mtoto wa mtoto wake. Habari ya mtu haifi njiani." Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza.

Dada yako,
Sadia


Garsen, mwezi wa Juni

Kwa mama yake Emil, au yeyote wa nyumba yake,

Mimi ni Guracha mwana wa Duba. Siijui lugha yako, wala wewe yangu.

Uliwapa baba zetu chuma chenye uso wa mwanao. Tulimdhania mwanamke, utusamehe. Tulimvaa vifuani.

Uliondoka ukijua kwamba hakupatikana. Alipatikana. Mto ulimtoa wenyewe, kiangazi, maji yalipokuwa madogo, katika matete, mahali ng'ombe wetu wanapoteremka kunywa. Baba yangu hakumwachia fisi. Alimwosha kwa maji ya mto ule ule, kwa kuwa hayakuwepo mengine, akamchimbia juu, ambako mafuriko hayafiki. Hatukuijua dua yenu. Baba alisoma yetu, ile tunayowasomea wana wetu.

Mimi nilikuwa mtoto. Nilisimama kando. Nakumbuka mikono yake ilikuwa midogo kuliko nilivyofikiri mikono ya Wazungu ilivyo.

Hakuwa na nguo. Mama yangu alivua shuka yake mpya, aliyoletewa kutoka Lamu na alikuwa bado hajaivaa mara mbili, akamfunika nayo toka kichwani hadi miguuni, akaikunja pembeni vizuri, taratibu, kama anayemlaza. Baba akamwambia, nguo hiyo ni nzuri mno kwa kuzika. Mama akasema, mama yake hayupo.